Wajane waliosahauliwa mezani: kanisa limewekwa duniani kwa ajili ya nini?

Mleta uzi

Amani iwe nanyi, ndugu zangu.

Kwa muda mrefu nimefuatilia majibizano kuhusu kanisa na mabadiliko ya dunia, na karibu kila mara huishia kwenye kambi mbili. Wa kwanza husema kwamba kanisa lisipokwenda na wakati litageuka jumba la makumbusho. Wa pili hujibu kwamba kanisa likishakwenda na wakati halitakuwa kanisa tena. Naona pande zote mbili zinaanzia mahali pamoja, napo ndipo zinapopotea: zote zinahangaikia uhai wa kanisa lenyewe, litabaki vipi, litapungua au litaongezeka, kana kwamba kudumu ndilo kusudi lake. Kanisa lilitumwa, na aliyetumwa hupimwa kwa ujumbe aliopewa na kwa watu aliotumwa kwao.

Naomba tukisome upya kisa kifupi kilichomo katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Wanafunzi wa Yerusalemu walikuwa wanaongezeka haraka. Walikuwamo Waebrania, na walikuwamo Wayahudi wa Kiyunani, watu wenye lugha nyingine na mazoea mengine. Kulikuwa na huduma ya kila siku kwa wajane, na wajane wa Kiyunani wakawa wanarukwa. Maandiko hayasemi kwamba walirukwa kwa makusudi. Yanasema walisahauliwa, na kila aliyewahi kusahauliwa kwenye mgao anajua kwamba njaa haipungui eti kwa kuwa aliyemsahau hakuwa na nia mbaya. Manung'uniko yakaanza.

Tazameni walivyofanya wale Thenashara, yaani mitume kumi na wawili. Hawakuwakemea wanung'unikaji kwamba wanaleta mgawanyiko, wala hawakuwaambia wavumilie kwa kuwa thawabu yao iko mbinguni. Waliuita mkutano wote, wakakiri kwamba wao wenyewe hawawezi kuliacha neno wakahudumu mezani, wakataka wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema. Wakachaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yasomeni majina hayo polepole: yote saba ni ya Kiyunani. Yaelekea basi kwamba mkutano uliwakabidhi mgao watu wa upande ule ule uliolalamika.

Hapo ndipo ninapoisimamisha hoja yangu. Kusudi la kanisa ni kumshuhudia Kristo aliyesulubiwa na kufufuka, na kusudi hilo halibadiliki. Lakini ushuhuda huo huonekana kuwa kweli au uongo mezani, pale inapojulikana nani amefikiwa na nani amerukwa. Kanisa limebadilika vizuri kila liliposikia manung'uniko ya waliosahauliwa, na limebadilika vibaya kila lilipojifananisha na wenye nguvu wa zama zake.

Mleta uzi (naendelea)

Kabla sijaingia kwenye historia, niseme jambo dogo kuhusu neno lenyewe. Kiyunani husema *ekklesia*, yaani kusanyiko la watu walioitwa. Sisi tulipokea neno *kanisa* kutoka Kiarabu, nacho kililipata kutoka Kiaramu, ambako mzizi wake ni kukusanya. Maana yake ya mwanzo, kwa hiyo, ni watu. Baadaye tumeliongezea kiambishi cha mahali, tukasema kanisani, na kwa silabi hiyo moja watu wakageuka jengo lenye mlango na saa za kufunguliwa. Simlaumu anayesema hivyo, kwani nami husema kila wiki, lakini nadhani mazungumzo yetu mengi kuhusu kanisa kupungua ni mazungumzo kuhusu viti vitupu.

Sasa historia. Katikati ya karne ya 3 tauni kubwa iliipitia dola ya Rumi kwa miaka mingi. Dionisio, askofu wa Aleksandria, aliandika barua kuhusu siku hizo, nayo imehifadhiwa katika kitabu cha Eusebio, mwandishi wa kale wa historia ya kanisa. Anasimulia jinsi wengi walivyowakimbia hata jamaa zao na kuwatupa njiani wakiwa hawajakata roho, na jinsi Wakristo walivyowauguza wagonjwa bila kujihadhari, wengi wao wakafa kwa ugonjwa waliouchukua kwa wale waliowahudumia. Watu hao hawakuwa na serikali nyuma yao. Wakati huo huo walikuwa wakiteswa. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 362, Kaisari Julian, aliyetaka kuirudisha ibada ya miungu ya kale, alimwandikia kuhani mkuu wa Galatia akilalamika kwamba ni aibu Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wawalishe maskini wao na kuwalisha na wetu pia. Akaagiza nyumba za wageni zijengwe katika kila mji. Nawaomba mlitafakari hilo: adui wa kanisa hakuona haja ya kuiga mahubiri yake, aliona haja ya kuiga meza yake. Muda si mrefu, baada ya njaa iliyoikumba Kapadokia, katika Uturuki ya leo, Basili, askofu wa Kaisaria, akajenga nje ya mji makao ya wagonjwa, wasafiri na wenye ukoma, na watu wengi huyahesabu miongoni mwa hospitali za kwanza za Kikristo.

Ningetamani kuishia hapo, lakini haitakuwa kweli. Mwaka 1710 tajiri mmoja, Christopher Codrington, alikufa akiliachia mashamba yake ya miwa ya Barbados shirika la Kianglikana lililoundwa ili kueneza Injili. Mashamba hayo yalikuwa na watumwa, na shirika liliyaendesha na watumwa wake kwa zaidi ya miaka mia moja. Kuna kipindi watu hao walipigwa chapa ya chuma cha moto vifuani, na neno lililoandikwa kwenye chapa hiyo lilikuwa SOCIETY, yaani Shirika. Waliofanya hivyo walikuwa na vitabu vya sala na walifunga mikutano yao kwa baraka, na kwa mujibu wa kipimo cha zama zao walikuwa watu wa kisasa kabisa, kwa kuwa utumwa ndio uliokuwa uchumi wa kisasa. Ilifika mwaka 2006 ndipo sinodi kuu ya Kanisa la Uingereza ilipoomba radhi.

Na manung'uniko yalisikika kutoka wapi? Yalitoka mezani. Huko Jamaika, Samuel Sharpe, mtumwa na shemasi wa Kibatisti, alikuwa akiwasomea wenzake Biblia na kuona ndani yake kwamba hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili. Mwishoni mwa mwaka 1831, wakati wa Krismasi, maelfu ya watumwa waligoma na kuasi. Sharpe alinyongwa Mei 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya himaya yake. Zilikuwapo sababu nyingine pia, za uchumi na za siasa, lakini nikiulizwa kanisa lilikuwa wapi katika miaka ile, mimi nitamwonyesha shemasi yule.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa elimu, ila naona unatupeleka njia ya pembeni. Bwana wetu alituagiza twende tukawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi. Chakula, hospitali na haki za wafanyakazi ni mambo mema, lakini zipo serikali na mashirika mengi yanayoyafanya vizuri kuliko sisi, na wanaoyafanya si lazima wamwamini Mungu. Kanisa likiyashika hayo litabaki na nini cha pekee? Mitume wenyewe, katika sura hiyo hiyo uliyoinukuu, walikataa kuliacha neno ili wahudumu mezani.

Mleta uzi

Ndugu yangu, umegusa mahali panapostahili kuguswa, na nakubali sehemu kubwa ya usemi wako. Kanisa lililonyamaza kuhusu Kristo limejiondolea sababu ya kuwapo, hata likilisha mji mzima. Ila tuisome sura hiyo mpaka mwisho, tena tuingie na ya 7 na ya 8.

Katika Kiyunani neno linalotumika kwa huduma ya wajane na neno linalotumika kwa huduma ya neno ni moja, *diakonia*, ndipo tulipopata mashemasi. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hakuliweka moja juu na jingine chini. Kisha tazama yaliyowapata wale saba. Stefano, aliyechaguliwa kwa ajili ya meza, ndiye mtu wa kwanza kuuawa kwa kumshuhudia Kristo, baada ya hotuba iliyo ndefu kuliko zote katika kitabu kile. Filipo, naye wa meza, ndiye aliyekwenda kuhubiri Samaria, na ndiye aliyekimbilia gari la towashi Mkushi, mwangalizi wa hazina ya Kandake, malkia wa Kushi, akamweleza maana ya alichokuwa akikisoma. Miaka mingi baadaye anaitwa mhubiri wa Injili, mmoja wa wale saba. Mitume waligawana kazi, lakini Roho hakuuheshimu mpaka waliouchora. Aliyeshika sinia ndiye aliyefika kwanza kwa wageni.

Mabishano haya wameyapitia waliotutangulia. Mwaka 1974, huko Lausanne, Uswisi, walikutana viongozi wa Kiinjili wapatao 2,700 kutoka nchi takribani 150, na ajenda yao ilikuwa uinjilisti wa dunia. Waliokuja kutoka Amerika ya Kusini walisimama wakasema kwamba hawawezi kwenda kuwahubiria watu wanaodhulumiwa huku wakijifanya hawaioni dhuluma. Agano lililotiwa saini mwishoni likatamka kwamba uinjilisti na wajibu wa kijamii vyote viwili ni sehemu ya wajibu wetu wa Kikristo, ingawa kimoja si kingine. Miaka kadhaa kabla ya hapo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, ulikuwa umemaliza kazi yake Desemba 1965 kwa hati inayoanza na furaha na matumaini, uchungu na mahangaiko ya watu wa leo, hasa maskini, ikisema ndiyo hayo hayo ya wafuasi wa Kristo. Wakatoliki na Wainjili hawa walikuwa na mengi ya kutofautiana, lakini walifika kwenye meza moja.

Kuhusu swali lako la kitu cha pekee: shirika humhudumia mjane kwa sababu ni mhitaji, nalo hufanya vema. Kanisa humhudumia kwa sababu hiyo, kisha humwambia kwamba ni dada, kwamba ana kiti, ana kura katika kuwachagua wale saba, na kwamba kifo hakitakuwa na neno la mwisho juu yake. Mambo hayo hakuna bajeti inayoweza kuyabeba.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mama wa vijana watatu, na naomba niseme ukweli wa nyumbani kwangu. Wawili hawaji tena ibadani. Hawajamkana Mungu. Mkubwa ananiambia, "Mama, mahubiri bora kuliko ya mchungaji wenu ninayo kwenye simu, na nikiwa na swali naiuliza programu inanijibu kwa aya na mistari, tena hainihukumu." Sina jibu. Naomba mnisaidie, kwa sababu naona kama dunia imeliacha kanisa na watoto wangu wamo ndani ya gari lililoondoka.

Mleta uzi

Mama, shikamoo, na asante kwa kuliweka wazi jambo hili. Nitakujibu kwa kisa, kwa sababu nami nilijifunza kwa aibu.

Mwaka 2020, milango ya ibada ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, ushirika wetu ulihamia mtandaoni ndani ya wiki mbili tu. Tulijisifu. Namba ya kujiungia ilitangazwa, nyimbo zikapigwa, watu wa mbali wakaingia ambao hawakuwahi kufika, na mimi niliyekuwa nikisaidia mitambo nilihesabu majina kwenye kioo nikaona tumeongezeka. Baada ya miezi kama mitatu nilitumwa kumpelekea bibi mmoja wa ushirika wetu barua. Nilimkuta ameketi kibarazani, kitabu cha nyimbo kiko mapajani, kimefungwa kwa utepe wa kitambaa kwa sababu jalada lilikuwa limeng'oka. Aliniambia kwamba kila Jumapili saa ya ibada anavaa nguo yake ya kanisani, anakaa pale, anaimba nyimbo anazozikumbuka kwa mpangilio wa ibada, kisha anafunga kwa sala mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia kwamba hana simu ya kuunganisha. Akajibu bila hasira, "Mwanangu, mlipotangaza ile namba nilijua kwamba mimi sikuhesabiwa."

Katika ile orodha ya majina niliyokuwa nikiihesabu kwenye kioo, sikuwahi kugundua kwamba lake halimo.

Mama, sisemi teknolojia ni mbaya. Injili ilisafiri kwa barabara za Warumi, na karne ya 15 matbaa ya Gutenberg ilichapa Biblia kabla ya vitabu vingine vingi. Mei 2025 Papa Leo wa 14, siku mbili baada ya kuchaguliwa, aliwaeleza makadinali kwamba alilichukua jina hilo kwanza kwa sababu ya Leo wa 13, ambaye katika waraka wake wa mwaka 1891 alilikabili suala la wafanyakazi wakati wa mapinduzi ya viwanda, na kwamba leo tuna mapinduzi mengine ya viwanda pamoja na akili unde, yanayogusa utu, haki na kazi. Kwa hiyo kanisa halina ruhusa ya kujificha.

Ila mwulize kijana wako, kwa upole, hiyo programu inamhitaji kwa lipi. Inampa majibu, lakini je, inamwomba chochote? Je, ikikaa siku tatu bila kumsikia itavaa viatu ikamtafute? Mwanao anasema haimhukumu, na maneno hayo yanatudai sisi, maana huenda alihukumiwa mahali alipotarajia kusikilizwa. Ningeanzia hapo. Usimwite arudi kwenye jengo. Mwulize ni lini aliposahauliwa mezani, na ukishamsikiliza, mwombe aende akamtembelee bibi wa namna ile. Vijana wengi ninaowafahamu waliondoka kwa sababu hakuna aliyewapa kazi yenye uzito, walipewa viti.

Mchangiaji wa tatu

Nimesoma yote na nina swali moja gumu. Mnazungumza juu ya kuwasikia waliosahauliwa. Wapo ambao hawakusahauliwa, waliumizwa. Waliumizwa na watumishi wenyewe, wakiwa watoto, na walipolalamika wakaambiwa wasilichafue jina la kanisa. Mimi ni mmoja wao. Kusudi la kanisa kwangu ni nini?

Mleta uzi

Ndugu yangu mpendwa, sina haki ya kukujibu upesi. Samahani kwa yaliyokupata, na samahani zaidi kwa ulivyojibiwa.

Oktoba 2021 tume huru nchini Ufaransa, iliyoundwa kwa ombi la maaskofu wenyewe, ilitoa ripoti yake. Ilikadiria kwamba tangu mwaka 1950 watoto wapatao 216,000 walidhulumiwa kingono na mapadre na watawa. Wapo waliosema kwamba kuitoa ripoti ile ni kulivunja kanisa. Mimi naamini kulificha jambo lile ndiko kulikokuwa kumelivunja, na kwamba siku ile manung'uniko yalisikiwa mwishowe, kwa kuchelewa kusikosameheka. Jina la kanisa halina utakatifu wowote likilindwa dhidi ya mtoto, maana aliyelipa jina hilo ndiye aliyemweka mtoto katikati ya wanafunzi wake. Dhuluma ya namna hii ni ya polisi na mahakama, na haistahili kumalizwa kwenye kikao cha wazee.

Hukuniomba nikushawishi ubaki, nami sitajaribu. Ukweli wako ni sehemu ya ushuhuda ambao kanisa linauhitaji kuliko linavyohitaji sifa zako.

Mchangiaji wa nne

Naomba kurudi nyuma kidogo kwenye suala la kupungua. Huko Ulaya makanisa yanauzwa. Je, hilo si dalili kwamba kazi imekwisha?

Mleta uzi

Kwa kifupi, ndugu: mwaka 1910 ulifanyika mkutano mkubwa wa umisheni huko Edinburgh, wajumbe wapatao 1,200, karibu wote kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini, wakipanga namna ya kuifikia dunia iliyobaki. Wakati ule takribani thuluthi mbili ya Wakristo wote waliishi Ulaya. Kufikia mwaka 2010 walioishi huko walikuwa karibu robo tu, na walio wengi wako Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wale waliokuwa wakipangiwa ndio sasa wenye nyumba. Sioni dalili ya kazi kwisha. Naona onyo kwetu, kwa sababu wengi ndio huwasahau wachache. Waebrania wa Yerusalemu nao walikuwa wenye nyumba.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta uzi, nimezungumza na kijana wangu jana usiku. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akieleza, na mengine yalinichoma. Hajasema atarudi. Ila ameuliza yule bibi alikuja kuwaje.

Mleta uzi

Mwambie kwamba tulianza kwa kumpelekea ibada nyumbani, watu wanne watano, tukiimba kutoka kwenye kile kitabu chake cha utepe. Milango ilipofunguliwa, baraza la wazee lilimwomba awe miongoni mwa watu watatu wanaoshika daftari la washirika. Macho yake hayasomi vizuri tena, kwa hiyo msichana mmoja humsomea majina Jumamosi jioni, moja moja, na yeye husema nani hajamwona, tangu lini, na anaishi upande gani. Wiki iliyopita alitaja majina manne. Mawili nilikuwa siyajui kabisa, na ndiko ninakokwenda kesho mchana.